Kofia za Jumamosi

Kwa mara ya mia moja ishirini na sita, wanafunzi mia nne na kumi wa Sekondari ya Wavulana Ikombelo walikuwa wakitazama *Kamanda wa Bonde la Chumvi* kwa mara ya kwanza.

Punda alifika kwenye ukingo wa chumvi, akagoma. Ukumbi ukashika pumzi. Gwakisa, kiranja wa burudani, aliyekuwa amekaa kwenye chumba cha mitambo nyuma ya ukumbi akimenya yai, alihesabu kimoyomoyo: tatu, mbili, moja. Punda akakaa kitako kama mjumbe wa kikao. Wavulana wakaangua kicheko kilichotikisa mabati, kicheko kilekile, cha urefu uleule, na kijana yuleyule wa kidato cha pili akaanguka kutoka kwenye benchi lilelile.

Halikuwa kosa lao. Bodi ya Maadili ya Shule za Bweni ilikuwa imekagua filamu elfu tisa, ikakuta moja tu ambayo ndani yake hakuna anayebusu, hakuna anayelewa, hakuna anayemjibu mzazi, na hakuna anayekula nyama mbele ya watoto wanaokula makande. Filamu hiyo ilitoka nchi ya mbali, katika lugha ambayo hakuna mtu Ikombelo aliyeijua. Ilimhusu kamanda mwenye jicho moja anayevusha jeneza la adui yake kwenye bonde la chumvi ili akamzike kwao. Mara ya kwanza wanafunzi walilia. Mara ya tisa walivunja madirisha. Ndipo zikaletwa Kofia.

Kanuni ya Kofia ni rahisi, na Gwakisa alikuwa na desturi ya kuwaeleza njuka, yaani wanafunzi wapya, kwa sauti ya mchungaji anayezika. Kumbukumbu ni kama ugali wa jana, aliwaambia. Umekauka, hata kisu hakipiti. Lakini ukiupasha moto hulainika, na kwa dakika chache unaweza kuufinyanga utakavyo kabla haujakauka tena. Basi mtazamaji huvaa Kofia filamu inapoanza, nayo humsoma kichwa kwa saa mbili bila kelele. Filamu ikiisha hupigwa mbegu: sauti fupi, ya sekunde tano, ambayo ubongo ukiisikia huamsha kila kitu kilichowahi kufungamana nayo. Kinachoamka hulainika. Kisha Kofia, kwa dakika nne, hukizuia kisikauke tena, kikayeyuka. Mtu anaivua, anapiga chafya, anauliza leo tunaonyeshwa nini. Na kwa kuwa akili haipendi shimo, hulifukia kwa chochote kilicho karibu. Ukimuuliza mvulana alikuwa wapi Jumamosi mchana, atakuapia kwamba alikuwa anafua.

Wanafunzi wawili tu hawakuvaa Kofia Jumamosi hizo: Gwakisa, kwa kuwa fundi hawezi kusahau mitambo yake, na rafiki yake Ambokile, kwa kuwa bila Ambokile filamu isingekuwapo.

Ambokile ndiye aliyekuwa mtafsiri. Zamani za mababu, katika vibanda vya video, mtu mmoja alishika kipaza sauti kando ya picha akawatia waigizaji wa kigeni maneno ya Kiswahili mdomoni, na watu wakaja kumsikiliza yeye kuliko kutazama. Ikombelo iliufufua utaratibu huo kwa shida, si kwa mapenzi. Ambokile hakuijua lugha ya filamu hata kwa salamu, alibuni yote. Punda alimpa jina la Patroni. Kamanda aliongea kama mpishi anayekataa kuongeza maharage. Adui ndani ya jeneza, ambaye katika filamu hakusema neno kwa sababu zilizo wazi, kwa Ambokile alilalamikia mashimo ya barabara njia nzima. Na kabla ya Kofia kushushwa alipewa robo saa ya kuchangamsha ukumbi, akiwatania waliokaa mbele mmoja mmoja, mpaka aliyetaniwa akajiona amepandishwa cheo. Alifungua siku zote kwa mbiu ileile: "Haya, haya, haya! Aliyekuja kulala arudi, bweni halina kiingilio!"

Hapo hata wagonjwa walitoroka zahanati wakaja.

*

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, Ambokile alisimamishwa juu ya ndoo.

Ndiyo desturi ya Ikombelo. Njuka husimama juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya bweni, akataja jina lake, kwao, na sababu iliyofanya wazazi wake wamchoke, kisha akaimba wimbo wa shule akiwa na uji mdomoni. Kila mvulana huipanda ndoo hiyo mara moja maishani. Ambokile alikuwa na miaka minne Ikombelo, na hii ilikuwa Jumapili yake ya saba mfululizo.

Aliyeishika ndoo isiyumbe alikuwa Lwitiko, aliyelala kitanda cha juu yake tangu kidato cha kwanza, na ambaye mwaka juzi alimbeba mgongoni hadi zahanati alipougua malaria.

"Njuka, paza sauti," Lwitiko alisema, bila ubaya wowote. "Umehamia lini?"

"Jana," alisema Ambokile.

Jumapili ya kwanza alikuwa amewaambia kwamba yeye ni mtoto wa mfalme aliyefichwa kwenye gunia la mpunga, nao wakagaragara. Ya pili alijitangaza mkaguzi wa vyoo. Kufikia ya nne alikuwa akitaja jina lake la kweli tu, akameza uji na kushuka. Walimu, ambao hawakuvaa Kofia, walimjua na kumwita jina kila asubuhi kwenye paredi, na kila asubuhi vichwa vikageuka kumtafuta huyo Ambokile ni nani. Aliwahi kwenda kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Kasyupa, akamweleza kwamba wenzake wanamsahau. Mwalimu Kasyupa alimjibu kwamba hata manabii hawakutambuliwa kwao, akampa kazi ya kupalilia maua ili apate muda wa kulitafakari hilo.

Gwakisa alicheka Jumapili mbili za kwanza. Ya tatu alijifanya ana kikohozi. Alikuwa amesimama dirishani, nje, na mvua ya Rungwe ilikuwa ikimwingia shingoni, na alijua jambo ambalo Ambokile hakulijua.

Katikati ya muhula mbegu ilianza kuchoka. Kijana mmoja alicheka kabla punda hajakaa. Mwingine alisikika kisimani akimwigiza maiti. Mbegu iliyotoka kiwandani ilikuwa muziki wa mwanzo wa filamu, na Gwakisa, ambaye hakuna aliyewahi kumnyima sifa ya akili, aliligundua kosa kwa siku moja: Ikombelo hakuna aliyewahi kuusikia muziki huo. Wakati unapigwa, Ambokile anaongea juu yake. Waliyokuwa nayo kichwani si filamu ya kamanda, ni filamu ya Ambokile. Basi Gwakisa akauondoa muziki akaweka mbiu ya rafiki yake. Mwalimu Kasyupa, ambaye aliamini mitambo kama alivyoamini methali, alibonyeza dole gumba lake kuidhinisha bila kuuliza. Jumamosi iliyofuata hakubaki mvulana hata mmoja mwenye chembe ya punda kichwani. Gwakisa alisifiwa kwenye paredi, akaandikiwa yai moja kila wiki.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimesema, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: *Ni marufuku kutumia sauti ya mtu aliye hai kuwa mbegu. Atakayefanya hivyo atahesabiwa ameuchezea ubongo wa mwenzake.* Gwakisa alikuwa ameanza kusoma ukurasa wa kumi na mbili. Kurasa za mwanzo za vitabu vyote, kwa uzoefu wake, ni shukrani. Aliufungua ule wa kwanza Jumapili ya tatu, kwa kuchelewa.

Jioni ile, kwenye foleni ya makande, Ambokile alimsogelea na bakuli lake. Alisema kwamba angalau yupo mtu mmoja shule hii asiyemuuliza amehamia lini. Gwakisa alitazama makande kwa makini yasiyostahili makande.

"Itapita," alisema.

*

Haikupita. Ilitangazwa Siku ya Wazazi.

Mwaka huo, alisema Mwalimu Kasyupa, wazazi hawatakaa juani kusikiliza ngonjera. Wataingia ukumbini, watatazama filamu, na watavaa Kofia kama watoto wao, mbele ya mgeni rasmi kutoka Bodi, ili taifa lione. Wazazi watakaokuja mwakani watafurahi upya. Ambokile aliruka kwa furaha. Mama yake, aliyekuwa mjane na hana mtoto mwingine, alikuwa amesikia habari za utafsiri wake kwenye barua tu. Sasa angeketi mbele amsikie.

Gwakisa alipiga hesabu ambayo hata mwalimu wake asingeipenda. Mbiu ya sekunde tano ikipigwa kichwani mwa Lwitiko, huamsha kila kilichofungamana na sauti ile: urafiki wa miaka minne, na wote uliyeyuka. Ikipigwa kichwani mwa mama, itaamsha nini? Mama ameijua sauti ya mtoto wake kabla hajamwona uso. Hakuna kona ya kichwa chake ambayo haikufungamana nayo.

Mbegu isingeweza kubadilishwa bila dole gumba la Mkuu wa Shule, na mashine ilidai sababu itamkwe kwa sauti, ikairekodi na kuipeleka kiwandani. Mara mbili Gwakisa alifika mlangoni kwa Mwalimu Kasyupa akarudi. Mara ya tatu aliingia. Alipokelewa kwa kiti. Aliambiwa kwamba mgeni rasmi ataelezwa kuhusu mvulana aliyeikarabati mbegu kwa akili yake mwenyewe, na kwamba kuna nafasi ya chuo cha ufundi ambayo Bodi huwapa vijana wa aina hiyo. Gwakisa alisema asante, Mwalimu, akatoka na ukurasa wa kwanza ukiwa bado mdomoni.

Kwa hiyo alirudi kwenye fani yake ya asili, ambayo ni uongo.

Siku yenyewe Mama Ambokile alifika wa kwanza, kutoka Kyela, akiwa na hotpoti la wali na samaki aina ya mbasa, amevaa gauni la bluu lenye kola. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na alitembea kama mtu anayepanda na kushuka ngazi ndogo asiyoiona mwingine. Gwakisa alimpokea mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Gwakisa. Mwenzio ameniandikia habari zako mpaka nikadhani nimezaa wawili."

Gwakisa aliweka mzigo chini. Akamwambia kwamba filamu ina nyoka. Mama Ambokile alijibu kwamba analala na nyoka kila masika. Akamwambia Kofia huharibu nywele zilizosukwa. Alijibu kwamba zitasukwa tena. Akamwambia, kwa huzuni kubwa, kwamba daktari amekataza Kofia kwa watu wenye matatizo ya mguu.

"Inavaliwa mguuni?" aliuliza Mama Ambokile.

"Hapana, mama."

"Basi niache nikae mbele. Nimetoka nyumbani majogoo hayajawika ili nimsikie mwanangu. Hata ukumbi ukiungua, nitaungulia palepale."

Akachukua hotpoti lake, akaenda kukaa mbele.

*

Dakika nne kabla ya kuanza, Ambokile aliingia chumba cha mitambo kuchukua kipaza sauti. Kupitia kidirisha waliona Kofia mia sita zikining'inia juu ya vichwa kwa nyaya zake, kama popo waliosubiri jioni. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ya bweni. Ambokile alimtafuta mama yake kwa macho, akampata, akacheka peke yake.

Ndipo Gwakisa alipomwambia. Alimwambia yote, haraka, bila utani, mbegu na muziki na ukurasa wa kwanza, na alishangaa ni maneno machache kiasi gani.

Ambokile hakupiga kelele. Aliuliza wakizima umeme itakuwaje. Gwakisa alisema kila Kofia ina betri yake. Aliuliza akikataa kutafsiri itakuwaje. Gwakisa alisema mbiu ilisharekodiwa, haimhitaji tena mwenyewe.

"Nenda kamwambie Mkuu sasa hivi," alisema Ambokile. "Yule pale. Hatua ishirini."

Mwalimu Kasyupa alikuwa mstari wa mbele, ameinama sikioni mwa mgeni rasmi, na kwa mkono alikuwa akionyesha nyuma, kwenye kidirisha, akitabasamu. Mgeni rasmi aligeuka kutazama. Gwakisa, kwa mazoea mabaya ya kiranja, alisimama wima.

"Watanifukuza," alisema.

Ambokile alimtazama kwa muda ambao hawakuwa nao. Kisha akachukua kipaza sauti akatoka.

Gwakisa alishika kitasa cha mlango. Alikusudia kutoka. Hilo angeweza kuapa popote.

"Haya, haya, haya," Ambokile alianza, na ukumbi ukaitikia kwa kishindo. Alimtania mzee mmoja kwa tai yake iliyofungwa kama kamba ya mbuzi. Alimtania mwalimu wa hesabu. Halafu akashuka jukwaani, akasimama mbele ya mama yake, na sauti yake ikapungua.

"Mama yangu huyu hapa," alisema. "Mama, sikiliza. Usivae hiyo Kofia. Ukiivaa, utatoka hapa hunijui. Utanisalimia kama mtoto wa jirani. Nasema kweli. Inuka uende."

Ukumbi ulilipuka. Ilikuwa ndiyo robo saa ya kuchangamsha, na lolote lililosemwa humo lilikuwa mzaha. Mwalimu Kasyupa alipiga makofi. Mgeni rasmi alitoa leso. Na Mama Ambokile alicheka kuliko wote, akijipigapiga paja, akamwambia jirani yake kwa sauti kwamba hivi ndivyo alivyo tangu mdogo.

Ambokile aliinua macho mpaka kwenye kidirisha. Alihitaji mtu mmoja tu wa kusema ni kweli. Shahidi wa pili, mwenye beji ya kiranja, ambaye mzaha haukuwa kazi yake siku hiyo. Alisubiri. Kitasa kilikuwa kimepata joto mkononi mwa Gwakisa, na hakikuzunguka.

Wasaidizi wakaanza kushusha Kofia kutoka mistari ya nyuma.

Ambokile akarudisha macho kwa mama yake, na uso wake ukabadilika ukawa ule wa kazini.

"Basi tusimwondoe," aliuambia ukumbi. "Tumtazame vizuri, kwa kuwa ni nadra. Mmemwona alivyoingia? Mguu mmoja umefika leo. Wa pili umepanda gari la mizigo, utafika kesho."

Wakacheka. Mama Ambokile alicheka pia.

"Na hii harufu msimsingizie maiti wa kwenye jeneza. Ni samaki wa moshi. Mwenyewe hawasikii tena, wameshakuwa ndugu."

Kicheko kilipungua upande wa akina mama, kikaendelea upande wa wavulana. Tabasamu lilibaki usoni mwa Mama Ambokile, lakini lilibaki kwa sababu alisahau kuliondoa. Kofia zilikuwa zimefika mstari wa nne.

"Gauni je, mmelipenda? Msilishikeshike. Mwenyewe, jirani yetu, analitaka kesho asubuhi likiwa safi. Huyu alikuja kukaa mbele, na wazazi wenye magauni yao, akadhani hatutajua."

Hapo walicheka wavulana peke yao, na wavulana mia nne wanatosha. Mama Ambokile alisimama. Alishika kola ya gauni kama mtu aliyeonyeshwa doa. Alisema kitu ambacho kipaza sauti hakikukidaka, akapita katikati ya ukumbi hadi mlangoni kwa mwendo wake uleule, huku kijana mmoja wa kidato cha kwanza akipiga ngoma kwenye benchi kuufuatisha mguu.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Kofia zikashuka mstari wa mbele, ila kwa Mkuu na mgeni rasmi, kiti kimoja kikiwa kitupu.

"Tuanze," alisema Ambokile.

*

Filamu haikumhitaji fundi kwa saa mbili. Gwakisa alitoka kwa dirisha la nyuma na kumkuta Mama Ambokile getini, amejifunga kanga juu ya gauni, akisubiri mlinzi atafute ufunguo.

Huko getini, pasipo na mgeni rasmi, ulimi ulifunguka. Alimweleza yote. Alimweleza juu ya ndoo na Lwitiko, na wino mwekundu, na jinsi Ambokile alivyojaribu kusema ukweli ukachekwa, na kwamba yale mengine yalikuwa njia ya kumtoa tu. Mama Ambokile alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ningeivaa ningemsahau mwanangu," alisema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Nakuamini, baba. Mtoto wangu hawezi kunifanyia vile bure." Mlinzi alikuwa amepata ufunguo, akawa anajifanya hasikii. "Sasa nisaidie jingine, wewe mwenye akili. Mguu, sawa, kila mtu anauona. Samaki, kila mtu ana pua. Lakini gauni nilimwambia yeye peke yake, leo asubuhi, tukicheka. Hilo ni mashine iliyomwambia alitumie?"

Gwakisa alisema hapana.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alimkabidhi hotpoti, akamwambia wakile chakula kabla hakijapoa. Hakumpa salamu za kupeleka, na Gwakisa hakuthubutu kuomba. Alimtazama akishuka barabara ya udongo mwekundu kati ya migomba, akipanda na kushuka ngazi yake, mpaka kona.

*

Alipomaliza kumzika adui, kamanda alivua kofia yake ya chuma na picha ikazimika. Wazazi mia mbili na wavulana mia nne walikuwa wakifuta machozi. Ambokile aliingia chumba cha mitambo, sauti imemkauka, akaketi sakafuni. Alilitazama hotpoti, asiulize.

"Sibonyezi," alisema Gwakisa. Alikuwa ameyaandaa maneno hayo tangu getini. "Nitatoka sasa hivi nimwambie Mkuu mbele ya yule mgeni. Wanifukuze. Na hawa watabaki wanakujua, wote."

"Watanijua kwa lipi?" aliuliza Ambokile.

Gwakisa aliondoa mkono kwenye kitufe.

"Fikiria. Ndicho kitu pekee cha kwangu walicho nacho kichwani sasa. Lwitiko ananijua kwa leo tu. Unataka kesho waniite nani?"

Huko nje Mwalimu Kasyupa alikuwa ameinua mkono kuomba mbegu. Mgeni rasmi alikuwa ametoa kalamu.

"Bonyeza," alisema Ambokile. "Ungetoka wakati ule."

Gwakisa akabonyeza. Mbiu ikapigwa ukumbini, changamfu, ya sekunde tano, na mwenye sauti akaziba masikio. Kisha dakika nne. Kisha Kofia zikapanda juu, zikaanza kusikika chafya, na vicheko vya aibu vya watu wasiojua kwa nini macho yao yana maji. Mgeni rasmi aliwauliza wazazi watatu filamu ilihusu nini, wakatazamana. Aliandika kwa furaha ukurasa mzima.

Mama mmoja, mnene, mwenye sura ya huruma, alikuja nyuma kutafuta maji. Alimkuta Ambokile amesimama mlangoni na hotpoti mikononi, akamtazama kama watu wazima wanavyomtazama mtoto aliyesimama peke yake Siku ya Wazazi.

"Wewe mwanangu, kwenu hawakuja?"

"Mama alikuja," alisema Ambokile. "Ameondoka."

"Bila kuiona filamu?"

"Bila kuiona."

"Jamani. Na wanavyoisifia." Alimsukuma begani kwa upole, kuelekea getini. "Kimbia ukamwite basi, mwanangu. Bado hawajaanza."